Faili Iliyoitwa Nyoka

Walikuwa wakibishana kuhusu mwaka alioanza kazi. Mama Akello alikuwa amefariki siku mbili kabla, wasifu wake ulikuwa unaandikwa ili usomwe kwenye sala za kumuaga, na wanawe watatu walikuwa na miaka mitatu tofauti vichwani mwao. Binti yake mkubwa akanipigia simu. "Dada Zaituni, wewe ndiwe mtu wa faili. Tutoe aibu." Nikashuka masjala, chumba ambacho sasa mimi ndiye mkuu wake, nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la Watumishi, fungu la Wastaafu, herufi A. Muda niliotumia haukutosha hata kupuliza chai ipoe. Nilisimama pale na faili mkononi, nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo. Mwanamke aliyeapa mbele yangu kwamba hakuna kitabu kitakachomfundisha mahali pa faili alikuwa amepatikana kwa kitabu kilekile.

Sitaeleza nilikozaliwa, ila niseme tu kwamba ni katika kambi ya askari, ndiyo maana Kiswahili ndicho kinywa changu. Nilipoingia masjala nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti kipya na viatu vilivyonibana. Kwa asiyejua, masjala ni mahali ambapo barua zote za ofisi ya serikali hupokewa, hutiwa ndani ya faili na kutunzwa mpaka zitakapohitajika tena. Yetu ilikuwa chini ya ardhi. Madirisha yalikuwa juu karibu na dari, sawasawa na njia ya watembea kwa miguu, hivyo kutwa tuliona miguu ya watu wa Kampala: visigino vilivyopasuka, soksi za shule, buti za polisi. Mapazia yalikuwa meupe zamani za kale. Mimi niliyakuta yana rangi ya chai ya maziwa. Rafu za chuma zilijaa kuta mbili. Moja tuliita ukuta wa mlango, nyingine ukuta wa dirisha. Katikati palikuwa na meza ya Mama Akello, mjane wa askari polisi kutoka kaskazini, mwanamke mnene mwenye sauti ya gwaride na kalamu ya risasi iliyochomekwa daima katika nywele zake. Msaidizi wake alikuwa Bwana Lubega, tarishi na mpika chai, ambaye kazi yake ya tatu, asiyolipwa, ilikuwa kucheka.

Watu walimletea Mama Akello swali, naye alinyoosha mkono nyuma bila kugeuza kichwa, akatoa faili. Hakutumia rejesta. Kila faili ilikuwa na jina aliloipa yeye mwenyewe, limeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye kona ya jalada: "Mzee wa Kofia", "Mabati ya Mwaka wa Mvua", "Kelele za Kanisa". Nadhani alikuwa na majina ya kila kipande cha karatasi kilichomo chumbani mule. Bwana Lubega aliniambia siku ya kwanza, akiniita bibi kwa Kiganda chake, "Kalibu, nyabo. Hapa fayiro zote zina wazazi mmoja tu." Kisha akamwonyesha Mama Akello kwa kidevu.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ya Orodha. Niieleze taratibu, maana watu wengi huiogopa bure. Fikiria jiko moja linalotumiwa na familia tano. Mmoja huweka chumvi karibu na moto, mwingine juu ya kabati, wa tatu huificha kwa sababu ya watoto. Kila mmoja anajua ilipo chumvi yake, wala hakuna aliyekosea. Lakini siku mgeni akiachiwa kupika, watu watakula chakula chapwa. Ndivyo ilivyokuwa katika ofisi za serikali. Barua za gari moja zilikuwa katika faili tatu: "Gari", "Usafiri" na "Landrova". Orodha ilikuja na jalada la kijani kuondoa vurugu hiyo. Ilisema kila jambo lina neno moja tu lililokubaliwa, nalo hutokana na kazi inayofanywa, si jina la mtu wala la ofisi. Unaanza na kazi kubwa, unateremka kwenye shughuli, unamalizia na jambo lenyewe. Maji, kisha Ulinzi, kisha Chemchemi. Ngazi tatu, umefika. Iliandikwa kwa Kiingereza, bila shaka. Maneno yake nayatafsiri hapa. Ukishaielewa ni kitu cha huruma sana, kwa sababu humwezesha mtu asiyekujua kupata ulichokiacha.

Agizo lilisema kazi ya kuzipanga upya faili zote iishe kabla ya mwisho wa mwaka, ambao ulikuwa pia mwaka wa Mama Akello kustaafu. Hakuna aliyesema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, wala hapakuwa na haja ya kusema. Mchana tulikula pamoja kwenye meza yake, yeye akifungua bakuli la malakwang, mboga chachu ya kwao iliyopikwa kwa siagi ya karanga, na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Alinigawia kila siku, hata siku alizokuwa amenikasirikia, na huku akinigawia alinichokoza.

"Hii kitabu yako, mutoto. Inajua Landrova ya zamani alipewa nani?"

"Haijui, Mama. Lakini inajua karatasi zake ziko wapi."

"Mimi najua yote mbili. Kula."

"Mama Akello," Bwana Lubega akasema akimimina chai, "wewe ukishikwa na malaria, ofisi yote inashikwa na malaria."

Alisema kwa mzaha, lakini ndivyo ilivyotokea. Kabla ya Pasaka akalala kitandani siku tatu. Watu walishuka ngazi, wakaikuta meza tupu, wakapanda tena mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimeagizwa nianze na ukuta wa mlango tu; ule wa dirisha ulikuwa wa Mama Akello, nisiuguse mpaka yeye mwenyewe aseme. Katika siku zile tatu niliugusa. Nilitaka arudi akute kazi imesogea, na sitaficha: nilitaka pia mkubwa wetu wa ghorofani aone. Nilichagua faili nyembamba, kama hamsini hivi, nikazivua majalada ya zamani, nikazivika mapya yenye neno sahihi la Orodha, nikazihamishia ukuta wa mlango, kisha nikasogeza zilizobaki pasionekane pengo. Katika rejesta mpya niliandika neno jipya. Sikutenga safu ya jina la zamani. La kazi gani, nilijiambia, wakati la kweli tunalo? Majalada yaliyovuliwa nilimpa Bwana Lubega, na mkewe akayakata vipande vya kufungia karanga.

Wiki mbili zikapita kimya. Ndipo Jumanne moja, ngazi zikanukia sabuni ya mche. Aliyeshuka ni mwanamke mwembamba wa kitenge, mikono yake imekunjamana vidole kama iliyotoka majini wakati uleule. Alikuwa Mama Nsimire, Mkongo wa upande wa Bukavu, aliyekuwa akifua nguo za watu wa fleti za Bugolobi. Alifulia Kisugu, kwenye chemchemi iliyokuwa nyumba chache kutoka chumba nilichopanga. Mama Akello alimjua. Alimwita Mama Sabuni.

"Yaya," alimwambia Mama Akello, kwa maana alimheshimu kama dada mkubwa, "niko natafuta ile faili ya Nyoka. Kuko mutu anasema ile fasi ya maji ni yake. Analeta mabati ya kufunga. Bakubwa ba mutaa batakaa kikao Ijumaa, saa ine. Bametuambia tulete barua ya serikali, kama hakuna barua, banamupatia."

Hadithi ya jina hilo kila mtu wa Kisugu aliijua. Miaka mingi nyuma, wapimaji walikuja kukitenga kiwanja kinachozunguka chemchemi kiwe cha watu wote. Nyoka akatoka kwenye majani, na mpimaji mkuu akakimbia akaacha kiatu kimoja. Tangu siku hiyo jambo lote, barua, ramani na ahadi ya serikali, likaitwa Nyoka, huko mtaani na hapa masjala.

"Usilie," Mama Akello akasema. "Nyoka yangu haendi mahali." Akanyoosha mkono nyuma kuelekea ukuta wa dirisha, rafu ya tatu, bila kugeuza kichwa. Akatoa faili, akaiweka mezani, akaitazama. Haikuwa yenyewe. Akanyoosha mkono tena. Akageuka. Akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama kutafuta faili. Vidole vyake vilipita juu ya majalada kama vya mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ambayo si yake.

"Rudi kesho," alimwambia Mama Nsimire.

"Yaya, kama banafunga maji, miye nitafulia wapi? Batoto bangu banakula ile maji."

"Nimesema rudi kesho."

Mimi nilikuwa nyuma ya rafu, nami nilijua ni nani aliyeihamisha. Lakini niliamini ningeipata upesi na hakuna ambaye angehitaji kujua lolote. Nilifungua Maji, Ulinzi, Chemchemi. Haikuwemo. Nikafungua Ardhi. Nikafungua Malalamiko. Nilitafuta hadi ofisi ilipofungwa, nikatafuta tena Jumatano kutwa, nikiwa na mamia ya majalada mapya mazuri mbele yangu, zile hamsini zimechanganyika humo, yenye maneno sahihi matupu, na hakuna hata moja lililokumbuka lilikuwa nani. Mama Nsimire alikuja, akaondoka. Jioni nilikwenda mwenyewe chemchemini kuchota maji. Nguo za Bugolobi zilikuwa kwenye kamba, shuka na mashati ya ofisini, na nyuma yake mabati mapya yameshalazwa chini, yakingoja Ijumaa. Mama Nsimire alinisalimia bila kujua ninafanya kazi wapi hasa, akaniwekea kidumu changu mbele ya vidumu vyake.

Alhamisi asubuhi nilisikia maneno ambayo hayakukusudiwa masikio yangu. Nilikuwa nimechutama nyuma ya rafu. Mama Akello alidhani nimepanda juu.

"Lubega," alisema, kwa sauti ambayo sikuijua, isiyokuwa na gwaride ndani yake. "Mama yangu alianza hivi. Alisahau sufuria, akasahau mlango, mwisho akasahau sisi. Labda kichwa inachoka. Labda waniache niende kabla ya mwaka kuisha."

"Aa, Mama. Ni fayiro moja tu."

"Si faili moja. Mkono wangu ilikwenda, na mahali haikuwa mahali."

Mpaka leo, nikiwafundisha makarani wapya, huwaambia kosa la kupanga vibaya si aibu. Kila mmoja wetu atalifanya. Aibu ni ile asubuhi niliyokaa nyuma ya rafu nikimwacha mtu aamini kwamba akili yake ndiyo inayopotea, ilhali aliyempotezea ni mimi. Wakati wa chakula sikungoja anigawie. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote: siku tatu za malaria, faili hamsini, majalada ya kufungia karanga, rafu nilizozisogeza. Nilingoja anifukuze. Bwana Lubega aliacha kucheka, jambo la nadra.

Mama Akello alifunga macho. Akashusha pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yakishuka. "Kwa hiyo si kichwa," akasema.

"Si kichwa, Mama. Ni mimi."

"Asante Mungu." Ndipo akafungua macho na sauti ya gwaride ikarudi yote kwa pamoja. "Pumbavu! Ukuta yangu! Karanga! Keti hapa. Wewe unapoipa faili jina la kitabu, unasoma nini?"

"Karatasi ya juu, Mama. Ya mwisho kuingia."

"Ya juu peke yake?"

"Ya juu peke yake."

Akafunga macho tena, na sasa alianza kuisoma faili ambayo haikuwepo. "Chini kabisa, barua ya wazee wa Kisugu. Halafu ramani. Halafu barua ya kutenga kiwanja, imepigwa muhuri mbili. Halafu ya mpimaji, anaomba kiatu ingine. Halafu..." Midomo yake ikatembea. "Juu kabisa, miti. Waliomba miti ya uzio, kuzunguka maji. Haikuletwa. Basi, mutoto. Kama kitabu yako inaona miti tu, inakupeleka wapi?"

Sikuhitaji kufikiri. Maneno ya Orodha niliyajua kwa moyo. Kuomba miti ni kuomba vifaa: Mali, Vifaa, Mbao. Nilikwenda ukuta wa mlango, rafu ya pili, na faili ilikuwa ya nne kutoka kushoto, nyembamba, katika jalada lake jipya, imelala kati ya meza za shule na milango ya ghala. Nilipoiweka mezani, Mama Akello hakuifungua kwanza. Aliishika tu kwa viganja viwili. Kisha akachomoa kalamu ya risasi kutoka nywele zake, akaandika kwenye kona: Nyoka.

Ijumaa saa nne tulikwenda wote wawili, faili ikiwa mkobani mwangu na hati ya kuitoa ikiwa na sahihi zetu. Sikumbuki mengi ya kikao. Nakumbuka barua yenye mihuri miwili ikisomwa kwa sauti, mwenye mabati akiomba kuiona kwa macho yake, kisha akiirudisha polepole. Nakumbuka Mama Nsimire, ambaye hakujua kusoma, akiuliza, "Inasema nini? Inasema kama maji ni ya batu?" na mwenyekiti akamjibu, "Ndiyo, nyabo. Tangu zamani." Wiki iliyofuata Mama Nsimire alikuja masjala, akapanda juu ya kiti bila kuomba ruhusa, akayashusha mapazia yote na kwenda nayo. Aliyarudisha baada ya siku mbili. Tulikuwa hatujui kwamba yana maua ya samawati.

Tangu hapo hadi Desemba tulifanya kazi ambayo haikuwa katika agizo la mtu yeyote. Nililivika kila jambo neno la Orodha, lakini baada ya kusoma faili nzima, toka karatasi ya chini. Na kwa kila faili Mama Akello alinitajia jina lake la zamani, nami nikaliandika kwenye kadi ndogo: Kelele za Kanisa, tazama Malalamiko, Makazi, Sauti. Landrova, tazama Usafiri, Magari, Matengenezo. Kumbe Orodha yenyewe, kwenye kurasa za mwisho ambazo sikuwa nimezisoma kwa haraka yangu, ilikuwa inaagiza hivyo hivyo: neno lililokubaliwa liwe moja, ila kila neno lingine ambalo watu hulitumia liwekwe pia, likielekeza njia. Nilimsomea kurasa hizo tukiwa tunakula. "Sasa hiyo," alisema akimenya kiazi, "imeandikwa na mutu ambaye aliwahi kukaa kwa kaunta. Watu hawaji na neno ya kitabu. Wanakuja na neno yao." Siku nyingine aliniomba nimfundishe ngazi tatu, naye alinishinda katika wiki moja, akawa ananisahihisha. Siku yake ya mwisho kazini, mkubwa wa ghorofani alishuka kutafuta barua fulani, na Mama Akello, badala ya kunyoosha mkono nyuma, akajifuta vidole, akavuta droo ya kadi, na kumwonyesha jinsi ya kujitafutia. Sijui kama mkubwa alielewa alichopewa. Mimi nilielewa.

Kadi hizo nyingi zimeshaingia kwenye kompyuta. Droo yenyewe nimeiacha juu ya kabati, na wiki hii, baada ya kuunakili mwaka wa kuanza kazi (binti yake wa mwisho ndiye aliyekuwa sahihi), niliishusha. Nilizipitia kadi moja moja, nyingi kwa mwandiko wangu wa ujana. Chini ya herufi M nikakutana na moja kwa mwandiko wake, herufi kubwa za kalamu ya risasi. Hakuwahi kuniambia kwamba aliiandika.

Sala zilifanyika Kisugu Alhamisi asubuhi, kabla ya msafara kuelekea kaskazini. Mwaka wa kuanza kazi ulisomwa, na wanawe hawakubishana. Kwenye viti vya nyuma nilimwona Mama Nsimire, mzee sasa, ameshika mkongojo, amezungukwa na wajukuu. Nilikaa karibu naye, tukalia pamoja kidogo, kisha nikaitoa ile kadi kwenye mkoba na kumsomea polepole: "Mama Sabuni, tazama Maji, Ulinzi, Chemchemi."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaichukua, akaigeuza nyuma na mbele, akapitisha kidole juu ya herufi asizozijua.

"Ni yaya aliandika?"

"Kwa mkono wake. Alijua kuna siku mtu atakuja kuuliza kwa jina lako, hajui lingine."

Akacheka mpaka watu wa mbele wakageuka, hali machozi bado yanamtoka. "Basi miye pia niko serikalini," akasema. Akamvuta mjukuu wake mkubwa, akampa kadi. "Soma wewe. Soma kwa nguvu, kila mutu asikie banitafute wapi."